Pikapu Iliyofika Mwezini

Familia ile ilikuwa na tabia moja iliyomchosha Fundi kuliko kulala chini ya lori mchana kutwa. Gari likishakufa, anaitwa yeye. Gari likitaka kununuliwa, anaulizwa jirani, anaulizwa kinyozi, anaulizwa shemeji yake kinyozi, hata muuza vocha wa pale njia panda ambaye aliwahi kuendesha trekta siku moja. Yeye, mwanamke aliyefungua na kufunga injini za dizeli kwa miaka kumi na tisa, anasubiri zamu yake ya kuletewa maiti.

Jumamosi hiyo aliitwa mapema, lakini msikie alivyoitwa. Simu ililia saa moja asubuhi, na aliyepiga ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Jina hilo alilipata tangu shule ya msingi kwa kuwa hakuna jambo alilokuwa hawezi kulieleza, hasa yale asiyoyajua. Siku hizi aliuza kava za simu.

"Dada, tumeshapata pikapu ya Mama. Njoo utuendeshee mpaka nyumbani, leseni yangu imeisha muda."

"Mmeshapata? Nani ameikagua?"

"Mimi. Kilomita elfu tisini na sita tu, Dada! Gari mbichi kabisa!"

Fundi aliweka kikombe cha chai mezani bila kukinywa. Kwa hiyo ameitwa kama dereva. Ilimwuma, na hakuwa mtu wa kujidanganya kwamba haikumwuma. Alitia spana chache na tochi kwenye mfuko, akafunga mlango wa gereji akatoka.

Kama ingekuwa pikapu ya kubebea kava za simu, angewaacha wakaifurahie wenyewe. Lakini hii ilikuwa ya kitalu cha miche cha Mama. Miezi miwili nyuma Mama alikodi pikapu ya mtu kupeleka miche kwenye shule moja ya mbali. Gari likafia njiani, mwenye nalo akaenda kutafuta kifaa akapotea mpaka jioni, na miche mia sita ikakauka juani huku Mama, na miaka yake sitini na minane, akiimwagilia kwa jagi aliloazima kwenye nyumba ya jirani na barabara. Wiki iliyofuata akauza ng'ombe wake wawili wa maziwa. Sasa ana oda ya miche elfu mbili, na ng'ombe wa tatu wa kuuza hayupo. Akikosea gari mara hii, kitalu ndiyo basi.

Uwanja wa kuuzia magari ulikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, umezungushiwa mabati. Mama alikuwa ameshakalishwa kwenye kiti cha plastiki, amekumbatia mkoba wake mapajani kwa mikono yote miwili. Ng'ombe wote wawili walikuwa humo ndani. Pembeni yake Profesa alikuwa anacheka na dalali, bwana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Huyu ndiye dereva wenu?" dalali akauliza.

"Ni dada yangu," Profesa akasema. "Ni fundi pia."

Hiyo "pia" Fundi aliimeza, ikashuka kwa shida.

Pikapu yenyewe ilikuwa nyeupe, inang'aa mpaka macho yanauma. Fundi hakuiangalia rangi. Aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto.

"Nani ameliwasha asubuhi hii?"

"Nililisogeza kidogo tu, mama, lipate kivuli," dalali akajibu.

Gari lilikuwa katikati ya uwanja, juani.

"Injini ya dizeli ukitaka kuijua uiwashe ikiwa baridi," Fundi akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini. "Ikishapashwa moto, hata mgonjwa anaamka. Hilo la kwanza."

"Dada, usianze. Angalia namba." Profesa alikuwa ameshafungua mlango, anagonga kioo cha dashibodi kwa kidole. "Elfu tisini na sita, mia nne na kumi na nane. Mwenye gari alikuwa mwalimu. Nyumbani, shuleni, sokoni, basi."

Fundi akainama ndani. Raba za pedali zilikuwa mpya. Usukani ulivishwa kava jipya la ngozi. Kirungu cha gia kipya, kitambaa cha siti kipya, zulia jipya. Kila mahali panapoguswa na mkono, mguu au makalio ya dereva palikuwa papya.

"Profesa, gari la kilomita elfu tisini na sita linabadilishiwa raba za pedali kwa sababu gani?"

"Si ndiyo vizuri? Tunapewa na raba mpya juu yake!"

Fundi alifumba macho kidogo akayafumbua. Akauchomoa ufunguo akamwonyesha. Meno yake yalikuwa yamelika, yamelala, mpaka ungeweza kuingia kwenye kufuli lolote la mtaani.

"Huu haukubadilishwa. Utazame. Umeingia na kutoka mara ngapi huu?"

"Mwalimu alikuwa na wasiwasi," dalali akadakia. "Alikuwa anafunga na kufungua, anafunga na kufungua."

Na Profesa akaitikia kwa kichwa! Akaitikia, kama mtu aliyemjua mwalimu huyo tangu utotoni. Fundi alitamani kukaa chini pale pale kwenye kokoto.

Akainua zulia pembeni. Chini yake bati lilikuwa na rangi ya bluu. Akavuta mpira wa mlango, bluu tena. Bodi la nyuma lilikuwa limewekewa bati jipya, na chini yake chasisi ilikuwa imechomelewa sehemu mbili, kwa haraka.

"Huyu mwalimu alikuwa anafundisha nini, kubeba mawe?"

"Mama, mama," dalali akasema huku anatabasamu, safari hii kwa nusu ya meno, "wateja wengine wawili wanakuja saa nne. Mimi sitaki kuwaharakisha, ila namba iko pale, inaonekana kwa macho."

Neno hilo lilimwingia Profesa sawasawa. "Mama, tulipe," akasema. "Dada ana jicho la kutafuta ubaya. Hata mimi nikioa atamkagua mke wangu chini kwa tochi."

Mama alicheka. Alicheka kwa sababu mtoto wake wa mwisho akisema chochote yeye hucheka, na vidole vyake vikaanza kutafuta zipu ya mkoba.

Hapo Fundi akapandisha sauti, jambo ambalo hakupenda kulifanya mbele ya mama yake. "Mama, subiri! Dakika kumi. Nawaomba dakika kumi tu. Nikishindwa kuwaonyesha kitu, nitaendesha mpaka nyumbani na sitafungua mdomo."

"Usituaibishe, Dada," Profesa akanong'ona.

"Mimi ndiye ninayewaaibisha?"

Mama aliwatazama wote wawili. "Mpe dakika zake," akasema. "Akinyamaza njia nzima, hiyo peke yake itakuwa faida."

Fundi akafungua boneti. Mbele ya injini ile kuna kava la plastiki linalofunika mkanda wa taimingi, ule mkanda unaozungusha viungo vya ndani kwa pamoja. Ukikatika, injini inajivunja yenyewe kwa sekunde moja. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita laki moja hivi. Ndiyo maana kila fundi mwenye akili huandika mahali fulani kilomita za siku aliyoubadilisha. Wengine hubandika karatasi, na karatasi hubanduka. Fundi, tangu akiwa mwanafunzi, aliandika ndani ya kava, kwa peni ya rangi nyeupe, mahali asipofika mwosha magari wala muuzaji. Alitaka tu kuona kama aliyekuja kabla yake alikuwa na akili. Hakutarajia zaidi ya hapo.

"Unafungua nini?" dalali akauliza. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Mali ya watu hiyo."

"Bolti sita. Nitazirudisha zote sita."

Kava lilitoka. Akaligeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba, kisha akaliinamia mpaka Profesa akasogea.

Ndani ya kava, kwa rangi nyeupe, paliandikwa: 344,210. Chini yake tarehe ya miaka minne iliyopita.

"Hii nimeandika mimi," Fundi akasema taratibu.

Akalikumbuka. Lilikuwa la bluu, la machimbo ya kokoto, na dereva wake alikuwa akilipakia mpaka tairi za mbele zinaelekea kuaga ardhi. Alilibadilishia mkanda akawaambia injini inakula maji, gasketi ya juu imechoka, walilete wiki inayofuata. Walimjibu: funga tu, twende. Hawakurudi.

"Laki tatu, elfu arobaini na nne," akamsomea mdogo wake. "Miaka minne nyuma. Leo dashibodi inasema elfu tisini na sita. Haya, Profesa, tueleze. Lilikuwa linatembea kinyumenyume?"

Profesa alilitazama kava. Alilitazama tena. Mtu mwingine angekubali, lakini jina la Profesa halikupatikana bure. "Labda," akasema, "kava limetoka kwenye gari lingine."

"Ndiyo!" dalali akarukia. "Hilo hutokea sana!"

Fundi alihesabu kwa vidole vyenye grisi. "Kava limetoka gari lingine. Pedali zimetoka dukani. Usukani umevishwa, siti imevishwa, rangi imepakwa, bodi limepigwa bati. Basi niambieni gari lenyewe liko wapi, twende tukalinunue!"

"Au umeiandika sasa hivi," Profesa akasema, sauti imeshuka, na papo hapo akajutia kinywa chake.

Fundi alilishusha kava. Alichoka, kweli alichoka. Miaka kumi na tisa, na bado mbele ya ndugu zake ushahidi wake ulihitaji shahidi. Akamnyooshea Mama lile kava kwa mkono mmoja.

Mama alivaa miwani. Alilisogeza kava karibu, akalisogeza mbali, kisha akalikwaruza kwa kucha. Rangi ilikuwa kavu, imeshika, na mafuta meusi ya miaka yamepita juu yake. Lakini si hilo alilokuwa akilitazama.

"Nne hizi," akasema. "Nani mwingine duniani anaandika nne hivi?"

Zilikuwa nne mbili, kila moja wazi juu, na mguu mrefu chini, kama kiti kilichopinduliwa miguu juu. Mama aligombana na nne hizo kwa miaka saba ya shule ya msingi. Alimnyima binti yake kucheza kwa ajili ya nne hizo. Alimwambia waziwazi kwamba msichana anayeandika nne za kiti hatapata kazi ya ofisini, na yeye alikuwa na ndoto ya kumwona ofisini, ana meza yake na feni. Nne hazikunyooka, na ofisi haikupatikana.

"Mtu mwingine hawezi kuigiza ubaya huu," Mama akasema, akavua miwani. Akaifunga zipu ya mkoba mpaka mwisho. "Bwana dalali, mwalimu wako ni wa kokoto."

Dalali akaapa kwamba na yeye aliletewa hivyo hivyo, kwamba na yeye ameuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha akakumbuka simu ya muhimu akaondoka kwenda kuipiga nyuma ya mabati.

Fundi alirudisha bolti zote sita, kwa sababu alisema atazirudisha.

Wakati anafuta mikono ndipo akaiona pikapu nyingine, pembeni kabisa, ya kijivu, ina vumbi ambalo dalali hakujisumbua kulifuta. Mzee mmoja alikuwa ameegemea mlango wake, ameshika daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Alikuja kila Jumamosi, alisema, kuangalia kama limeuzwa, na kila Jumamosi watu wanachungulia dashibodi wanaondoka.

Profesa alichungulia dashibodi. "Laki nne na elfu themanini na saba!" akapiga kelele. "Dada, hapana. Hapa mpaka mwezini ni laki tatu na elfu themanini na kitu. Hili limefika mwezini, limegeuza, linarudi!"

"Na limerudi likiwa zima," mzee akasema.

Alikuwa msambazaji wa magazeti. Miaka kumi na moja aliondoka alfajiri mjini, akafika miji ya mbali kabla watu hawajapata chai, akarudi. Lami tupu, mzigo wa karatasi, mwendo mmoja. Fundi akaweka kiganja kwenye boneti: baridi. Akaomba ufunguo, akaliwasha. Liliitika mara ya kwanza, likatoa moshi kidogo mweusi, ukaisha. Akafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, akaweka kiganja juu ya tundu. Injini iliyokwisha humpumulia mtu moshi usoni hapo. Hii ilipumua kidogo tu, taratibu, kama mtu mzima aliyelala vizuri.

"Kilomita peke yake si ugonjwa," akamwambia mdogo wake, ambaye safari hii alisikiliza. "Uliza zimetembewa wapi, na mzigo gani, na nani alikuwa anamwaga oili. Raba hizi za pedali zimeisha, unaona? Zimeisha kulingana na namba. Gari hili halijasema uongo popote."

"Klachi inateleza mlimani," mzee akasema kabla hajaulizwa. "Na mkanda wa taimingi umebakiza muda mfupi. Nimeandika humu."

Profesa akalichukua daftari. Kila oili ilikuwa na tarehe yake na kilomita zake, na kwa namna fulani mtu aliyeuza kava za simu akajikuta anasoma kurasa za oili kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Fundi akamwomba apumzike.

Mama akasogea. Akauliza swali lake moja. "Limewahi kukuacha njiani?"

"Mara mbili, mama," mzee akasema. "Ya kwanza betri. Ya pili bomba la maji, nililiona linavuja nikapuuza. Kosa langu."

"Umesikia?" Profesa akageuka. "Mara mbili!"

Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili. Lakini kabla hajafungua mdomo, Mama alishasema.

"Yule aliyeniulia miche aliniambia gari lake halijawahi kumwacha hata siku moja." Akamtazama mzee. "Na wewe kwa nini unaliuza?"

"Macho, mama. Alfajiri taa za wenzangu zinanizidi."

Mama alifungua mkoba. Hakumpa Profesa. Aliunyoosha wote kwa binti yake, mkoba mzima, ili azungumze bei yeye. Ulikuwa mzito kuliko Fundi alivyotegemea, akaukumbatia kwa mikono yote miwili.

Alhamisi pikapu ilikuwa gerejini, klachi mpya imefungwa, mkanda mpya umefungwa. Mama alikuja mwenyewe, akaketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, miguu mbali na mafuta. Miche ilikuwa inapakiwa kesho yake. Profesa alikuwa mlangoni, anawaeleza wateja wawili jinsi ya kugundua dashibodi iliyorudishwa nyuma, tangu mwanzo, kama aligundua yeye. Fundi alimsikia, akasonya, akamwacha.

Akatoa peni ya rangi nyeupe, akalikingia kava mwanga wa mlangoni. Kilomita laki nne, elfu themanini na saba, mia nne na mbili. Nne mbili tena. Kwa sababu Mama alikuwa anatazama, mkono wake ukafanya kitu ambacho haukuwahi kufanya: ukasita, ukaanza kuifunga ile nne juu, vizuri, kama ya kwenye kitabu.

"Futa hiyo," Mama akasema.

"Mama?"

"Ifute. Andika nne yako, ile ya kiti." Alijisogeza kwenye kreti. "Siku yoyote nikiambiwa gari hili ni la mwalimu, nijue mimi nimtafute nani aniambie ukweli."

Fundi aliifuta kwa kidole gumba, rangi bado mbichi, akaiandika upya. Macho yalimjaa machozi akasingizia dizeli. Mama akaivaa miwani yake, akaitazama ile nne kwa muda, akasema bado ni mbaya sana.